Namna ya Kunufaika Kikamilifu na Maktaba ya Chuo Kikuu

Mwanafunzi anayeingia maktabani wakati wa mitihani pekee, akitafuta kiti na utulivu, anatumia sehemu ndogo mno ya kile alichoandaliwa. Humo humo yamo majarida ya kitaaluma, hifadhidata, tasnifu za waliotangulia na, zaidi ya vyote, wakutubi waliosomea kazi ya kutafuta maarifa. Kwa hiyo, katika wiki za mwanzo za muhula, kabla hujapewa insha yoyote, jisajili, fungua akaunti yako, hudhuria mafunzo ya utangulizi, kisha soma masharti ya kuazima: unaruhusiwa vitabu vingapi kwa pamoja, kwa muda gani, na namna ya kuongeza muda kabla faini haijaanza kuhesabiwa.

Kutafuta kitabu huanzia kwenye katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba. Ukipata kitabu kimoja kinachokufaa kweli, fungua taarifa zake kamili na ubofye kichwa cha mada kilichowekwa na mkutubi. Utaletewa vitabu vingine vya mada hiyo hiyo, hata vile ambavyo majina yake yasingekujia akilini. Kisha nakili namba ya kitabu yote kama ilivyo, pamoja na herufi zinazoifuata, kwa sababu nusu ya namba haikufikishi kwenye rafu.

Inafaa ujifunze kuisoma namba hiyo. Katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa mada, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, maarifa yamegawanywa katika madaraja makuu 10, kuanzia 000 hadi 900: sayansi asilia na hisabati ziko 500, historia na jiografia 900, na lugha 400, ambako Kiswahili kina 496.392. Wengi hupotea kwenye desimali. Namba 496.392 hutangulia 496.4, ingawa 392 huonekana kubwa kuliko 4, kwa kuwa tarakimu za baada ya nukta husomwa moja baada ya nyingine, na 3 huja kabla ya 4. Vyuo vikuu vingine hutumia mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaoanza kwa herufi, kwa mfano Q kwa sayansi, R kwa tiba na K kwa sheria. Humo namba inayofuata herufi huhesabiwa kama namba nzima, hivyo QA76 hutangulia QA300. Ukifika kwenye rafu, tazama pia vitabu vilivyo kushoto na kulia kwa kile ulichokifuata, kwani vimepangwa pamoja kwa makusudi. Na ukimaliza kusoma, usikirudishe mwenyewe ikiwa huna hakika ya mahali pake. Kiache mezani au kwenye toroli, maana kitabu kilichowekwa pasipo pake hakipatikani tena mpaka rafu ikaguliwe.

Kitabu kikiwa kimeazimwa, weka nafasi kupitia akaunti yako badala ya kukata tamaa. Vitabu vya kiada vinavyogombewa huwekwa kwenye akiba ya muda mfupi, ambako huazimwa kwa saa chache tu.

Utajiri mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo kwenye majarida ya kielektroniki, na huko ndiko wanafunzi hupoteza muda mwingi kwa sababu huandika swali zima kwenye kisanduku cha utafutaji. Tuseme swali lako ni jinsi matumizi ya simu usiku yanavyoathiri usingizi wa wanafunzi. Ligawe katika dhana tatu: simu, usingizi, wanafunzi. Kwa kila dhana andika maneno mengine ambayo watafiti wanaweza kuwa wameyatumia, kama vile kukosa usingizi na ubora wa usingizi, na uyaandike pia kwa lugha ambayo majarida ya fani hiyo huchapishwa. Unganisha maneno yanayokaribiana kwa OR (au) ndani ya mabano, kisha unganisha makundi hayo kwa AND (na). Alama za nukuu hushikilia fungu la maneno lisitenganishwe, na katika hifadhidata nyingi kinyota baada ya mzizi wa neno huleta maneno yote yanayoanza na mzizi huo. Matokeo yakizidi, weka mpaka wa miaka au tafuta ndani ya ikisiri, yaani muhtasari wa makala, pekee. Yakipungua, ondoa dhana moja. Makala moja nzuri ikipatikana, fuata marejeleo yake kurudi nyuma, kisha uangalie ni nani wameirejelea baadaye.

Ukiwa nje ya chuo, ingia kupitia tovuti ya maktaba kwa nywila yako, na usilipie makala kabla ya kuhakikisha kwamba maktaba haina. Taasisi nyingi za nchi zenye kipato cha chini hupata majarida bure au kwa gharama ndogo kupitia Research4Life, yenye programu kama Hinari ya afya, iliyoanza mwaka 2002, na AGORA ya kilimo. Makala ikikosekana kabisa, omba azima ya maktaba kwa maktaba, yaani maktaba yako ikuombee kutoka maktaba nyingine, ukijua kwamba huduma hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki.

Mkutubi asiachwe kuwa kimbilio la mwisho. Mwendee mapema, ukiwa na swali mahususi na orodha ya maneno uliyokwisha kuyajaribu. Anayesema anataka vitabu vya afya ataonyeshwa rafu. Anayesema anatafuta tafiti za miaka kumi iliyopita kuhusu usingizi wa wanafunzi ataketi na mkutubi na kuondoka na njia ya kutafuta atakayoitumia mpaka tasnifu yake. Si usumbufu kwake, kwani ndiyo kazi yake.

Kila unachokipata kihifadhi papo hapo katika programu ya marejeleo kama Zotero, isiyolipiwa, na uhakiki majina na miaka, kwa sababu taarifa zinazoingizwa moja kwa moja huwa na makosa. Usiziache orodha zako ndani ya hifadhidata za chuo pekee, kwa kuwa akaunti nyingi hufungwa mwanafunzi anapohitimu. Kabla ya kurudisha kadi, zihamishe, pakua makala unazoruhusiwa kupakua, na uulize dawatini kama wahitimu hupewa uanachama wa maktaba.