SOMO: Utajuaje betri za mashine ya dhahabu zinakaribia kuisha

Wakuu, wengi tunaotafuta dhahabu ardhini kwa mashine ya kutambua madini (detekta) huku Chunya, Mbeya, tunasubiri mashine izime ndipo tubadili betri. Kwa mashine za zamani na za bei nafuu, hapo umeshatembea nusu siku ukipita juu ya mali bila kuisikia. Inauma zaidi kama mashine ni ya kukodi.

1. Asubuhi laza kipande kidogo cha madini ya risasi chini, mbali na vyuma. Pitisha koili (ile sahani ya chini ya mashine) juu yake huku ukiipandisha polepole mpaka mlio upotee. Betri mpya zinanipa kimo cha vidole vinane. Zikishuka hadi vitano kwa mipangilio ileile, nazitoa.

2. Sikiliza ule mlio wa chinichini kwenye hedifoni. Udongo mwekundu wenye chuma nao huuyumbisha, kwa hiyo rudi pale ulipotulia jana. Ukiyumba hata hapo, shuku betri.

3. Pima kwa mita ya volti, na hapa ndipo wengi wanakosea. Betri ya alkali (ya kawaida, isiyochajiwa) iliyochoka ikipumzika volti hupanda tena, utadhani nzima. Pima mashine ikiwa imewaka, au mara tu unapozitoa, mojamoja. AA mpya husoma 1.5 hadi 1.6. Ikisoma 1.1, imekwisha kazi. Moja mbovu huangusha zote nne.

4. Ukiona unga mweupe kwenye vishikizo, betri imevuja. Futa kwa pamba yenye siki kidogo, kausha.

MASWALI

Mkuu, natumia za kuchaji, skrini haionyeshi zimejaa hata nikitoka kuchaji. Ni mbovu?
— Hapana. Hizo ni volti 1.2, na mashine nyingi zimepangiwa alkali. Ila hukaa hapohapo kwenye 1.2 kisha huanguka ghafla, kwa hiyo beba akiba.

Niko mbali na duka. Nichanganye mbili mpya na mbili za zamani?
— Usifanye hivyo ndugu yangu. Za zamani zitaisha kwanza, na mpya zitazilazimisha mpaka zivuje ndani ya mashine.

Yangu haipungui kina, inazima tu.
— Mashine nyingi za sasa zina sakiti ya kutuliza volti. Kwako kipande cha risasi hakitakuonya. Tegemea mita, na andika saa ulizotembea tangu ubadili.