SOMO: Kukariri maneno ya Kijerumani kwa miwani ya VR ya simu

Wakuu, swali la namna ya kukariri maneno ya Kijerumani kwa miwani ya VR (uhalisia pepe: unaona kama uko ndani ya video) linarudi kila mara na mimi nimechoka kulijibu vipande vipande. Naliweka lote hapa.

1. Nunua miwani. Ya boksi unayotia simu ndani, aina ya Google Cardboard iliyotoka 2014, inatosha. Google waliiachia ramani yake wazi, yeyote aweze kuitengeneza.

2. Kabla hujalipa, KAGUA SIMU. Hapa ndipo hela za watu zinapotea. Simu lazima iwe na kihisi cha jairoskopu, kinachotambua simu ikigeuka, na simu nyingi za bei ya chini hazina. Fungua video ya nyuzi 360 (inayoonyesha pande zote) YouTube, shika simu usiguse kioo, kisha geuka mwili mzima. Picha ikikufuata laini, iko salama. Ikiganda, achana nayo. Muuzaji akikwambia "simu zote zinakubali", mwombe ujaribu palepale dukani. Usichanganye na kile kihisi kinacholaza picha ukilaza simu. Hicho karibu kila simu inacho na hakitoshi.

3. Tafuta video ya nyuzi 360 ya mahali utakapohitaji maneno: stesheni, jikoni, supamaketi.

4. Chagua vitu kumi, uviandike kwanza na vitambulishi vyake (der, die, das): der Bahnsteig (jukwaa la treni), das Gleis (njia ya reli), die Rolltreppe (ngazi za umeme).

5. Kaa kiti kinachozunguka. Kila kitu ukikitazama, kitaje kwa sauti.

6. Vua miwani, fumba macho, zunguka stesheni ile kichwani ukitaja tena. Kesho rudia bila miwani. Ukiruka hatua hii umeangalia video tu, hujajifunza neno.

MASWALI

— Mkuu, simu yangu itakubali?
Hatua ya 2.

— Nimeisoma ila naona ndefu, niambie tu ndiyo au hapana.
Simu unayo wewe. Ijaribu.

— Mimi napata kichefuchefu baada ya muda mfupi, shida nini?
Swali zuri, dada. Macho yanaona mwendo, sikio la ndani linasema umekaa, ubongo unavurugika. Tafuta video ambayo kamera imesimama sehemu moja, achana na za kutembea au za kwenye gari. Ukianza kutoka jasho, vua hapohapo. Usijikaze, hali huzidi.

— Najiandaa kwenda Ujerumani kwa uuguzi. Video za wodi sizipati.
Basi tumia wodi unayofanyia kazi, unaijua kuliko video yoyote. Kila kona ipe neno: mlangoni das Waschbecken (sinki), kitandani die Bettwäsche (mashuka), kwenye troli der Verband (bandeji) na die Spritze (sindano). Ukiwa zamu, yataje moyoni unapopita. Miwani ibaki kwa mambo ya mtaani, kama kukata tiketi. Ukikwama kwenye orodha ya maneno, iweke hapa tuipitie pamoja.

— Nyongeza wadau: AnkiDroid, programu ya kadi za maneno kwa simu za Android, ni ya bure kwa kurudia maneno. Na msiache miwani dirishani, lenzi zikikusanya jua zinaunguza kioo cha simu.
Asante kaka, hilo la jua nalihamishia juu.