Gharama na Kodi ya Zuio: Mwongozo kwa Fundi wa Mkataba Mdogo Nchini Kenya

Fundi aliyejiajiri ambaye mkandarasi humpa sehemu ya jengo, iwe ni kupiga plasta, kuweka vigae au kutandaza nyaya za umeme, mara nyingi hupokea pesa ambazo tayari zimekatwa. Malipo ya kazi ya ujenzi kwa mkazi wa Kenya yakifika shilingi 24,000 kwa mwezi, anayelipa hutakiwa kukata asilimia 3 na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato, KRA, ndani ya siku tano za kazi. Wengi huchukulia kwamba makato hayo ndiyo kodi yenyewe na kwamba mambo yameishia hapo. Sivyo. Hiyo ni kodi ya zuio, yaani malipo ya awali yanayotolewa katika kodi halisi ya mwaka, na kodi halisi hutozwa faida wala si pesa zote ulizopokea.

Kwa hiyo, kila ulipwapo, ingia iTax, tovuti ya kodi ya KRA, wiki iyo hiyo uangalie kama cheti cha zuio kimeingia chini ya PIN yako, yaani nambari yako ya mlipakodi. Kisipoonekana, mwendee mkandarasi mapema huku ukiwa na ankara mkononi, kwa maana ukingoja hadi mwaka ufuatao utakuta jengo limekwisha na karani aliyekulipa amehama.

Gharama ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 2024, ununuzi wa biashara hautambuliwi kuwa gharama bila ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa na sheria. Unaponunua saruji au gundi ya vigae, taja PIN yako kabla ankara haijatolewa, kisha uisome hapo hapo kaunta: PIN iwe yako, na msimbo wa QR uwepo. Risiti ya kuandikwa kwa mkono haitakusaidia. Muuza mchanga ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 5 anaweza kukubali wewe mnunuzi utoe ankara hiyo kwa niaba yake. Piga picha ya kila ankara siku hiyo hiyo, kwani karatasi ya mashine ikikaa mfukoni mwa ovaroli pamoja na jasho na vumbi la saruji, maandishi hufifia kabla ya mwezi kwisha.

Ujira wa vibarua hauhitaji eTIMS, lakini unahitaji daftari lenye jina, nambari ya kitambulisho, siku na kiasi, pamoja na ujumbe wa M-Pesa. Gari la kazi hudaiwa kama gharama kwa asilimia 25 ya bei kila mwaka, na mashine nyingine kwa asilimia 10. Gari likitumika pia kwa shughuli za nyumbani, dai sehemu ya kazi peke yake. Karo na chakula cha familia havimo kabisa.

Tuchukue fundi wa vigae aliyepata shilingi 900,000 kwa mwaka, akakatwa 27,000, na mwenye gharama za 450,000 zilizothibitishwa. Faida yake ni 450,000. Shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na 62,000 zilizobaki asilimia 30; jumla ni 72,400. Ukitoa nafuu ya mtu binafsi ya 28,800, kisha zuio la 27,000, anabakiwa na deni la 16,600. Sasa tuseme amepoteza ankara za shilingi 150,000: deni linapanda hadi 61,600. Hizo 45,000 zilizoongezeka ni pesa alizokwisha kuzitoka jasho, na ndiyo sababu nasisitiza ankara kuliko jambo jingine lolote.

Mauzo yakizidi shilingi milioni 1 kwa mwaka bila kupita milioni 25, unaweza kuingia katika kodi ya mauzo ya asilimia 3, ambayo haitambui gharama yoyote, usipomwandikia Kamishna wa KRA kwamba umechagua utaratibu wa kawaida. Piga hesabu zote mbili kabla ya kuandika.

Salio la kodi hulipwa kufikia tarehe 30 Aprili, na marejesho, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka, huwasilishwa kufikia tarehe 30 Juni. Ukichelewa kuwasilisha, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, iliyo kubwa kati ya hizo. Nyaraka zako zitunze kwa miaka 5.