Mfuate Mpigaji: Namna ya Kuisikiliza Roki Iliyosahauliwa ya Miaka ya 60 na 70

Wengi wakitaka kuingia kwenye roki ya zamani ambayo haikupata sifa yake, hutafuta orodha ya nyimbo mia ambazo hawajawahi kuzisikia. Sikushauri uanzie hapo. Orodha ya namna hiyo huishia kusikilizwa kwa pupa, wimbo mmoja unausukuma mwenzake, na kufika jioni hukumbuki hata mmoja. Anza na wimbo unaoupenda tayari. Uliza nani anapiga nini ndani yake, kisha mfuate huyo mpigaji kokote alikokwenda. Majina ya nyota yako mbele ya jalada. Unayemtafuta yuko nyuma, kwa maandishi madogo, na wakati mwingine hakuandikwa kabisa.

Mfano ninaompa kila mtu ni Nicky Hopkins, mpiga piano wa Uingereza. Kama umewahi kuwasikiliza Rolling Stones wa miaka ile, umeshamsikia bila kujua. Piano inayofungua "She's a Rainbow" ya 1967 ni yake. Piano ya umeme inayochomoza kwenye "Revolution" ya Beatles, ile iliyotoka kwenye santuri ndogo mwaka 1968, ni yake pia. Alirekodi na The Who, akarekodi na Kinks, akapanda jukwaani kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969 pamoja na Jefferson Airplane. Mwaka 1966 Kinks walitoa wimbo "Session Man" unaomhusu mpigaji wa kukodiwa, na kinanda kinachosikika humo anakipiga Hopkins mwenyewe. Kilichomfunga studio ni afya. Akiwa kijana, maradhi ya tumbo yalimlaza hospitalini muda mrefu, na tangu hapo ziara za mji hadi mji zikawa mzigo kwake.

Sasa chukua "Sympathy for the Devil" ya Rolling Stones ya 1968, ambayo piano yake kaipiga Hopkins. Mara ya kwanza isikilize kama kawaida. Mara ya pili yaache maneno yapite, shika piano tu. Inaingia kwa utulivu, koodi pana zinazoachiwa zivume juu ya ngoma. Ubeti baada ya ubeti anaanza kukatakata, anapiga kati ya mapigo badala ya juu yake, mkono unazidi kuwa mzito. Gitaa la solo haliingii mpaka wimbo umeshafika mbali. Maana yake ni kwamba kwa muda mrefu kinachousukuma wimbo mbele ni piano, ngoma na besi, na hiyo besi kaipiga Keith Richards, mtu anayejulikana kwa gitaa. Ukishalisikia hilo, hutausikia tena wimbo huo kama zamani. Kisha toka hapo, nenda kwa Quicksilver Messenger Service, bendi ya San Francisco, albamu *Shady Grove* ya 1969, wimbo wa mwisho: "Edward, the Mad Shirt Grinder". Ni utunzi wa Hopkins mwenyewe, hauna mwimbaji, unazidi dakika tisa. Hapo utamkuta mtu aliyezoea kuwapisha wengine akiwa na uwanja wote peke yake.

Mimi napiga besi, kwa hiyo masikio yangu hukimbilia chini kwanza. Nawe chagua chombo kimoja ukae nacho kwa wiki kadhaa: dramu, gitaa la rithimu, sauti za waitikiaji, chochote. Kuna msaada mkubwa humo ndani ya rekodi zenyewe. Mashine za kurekodia za katikati ya miaka ya 60 zilikuwa na njia nne za sauti, wakati mwingine pungufu ya hapo, na mafundi walipotengeneza stirio, yaani sauti iliyogawanywa pande mbili, mara nyingi waliweka dramu na besi upande mmoja, sauti za waimbaji upande mwingine. Vaa hedifoni, ondoa sikio moja, na bendi imegawanyika mbele yako. Kwa mtu anayejifunza chombo, hiyo ni shule ya bure. Ukimaliza kuchunguza, rudi kwenye mono, yaani toleo lisilogawanywa, ikiwa ipo. Hadi karibu 1968 mono ndiyo iliyofanyiwa kazi kwa makini zaidi, stirio ikafuata haraka haraka, na nyimbo nyingi za wakati huo zina nguvu zaidi sauti zote zikitoka mahali pamoja.

Geuza santuri. Hata Beatles wana vitu vilivyojificha upande wa pili. "Rain" ilitoka 1966 nyuma ya "Paperback Writer". Walipiga vyombo kwa kasi kuliko wimbo unavyosikika, halafu wakapunguza mwendo wa utepe, ndiyo maana dramu na besi zina uzito ule wa ajabu, kama zinatembea ndani ya maji. Sikiliza Ringo Starr anavyojaza nafasi kila sentensi inapoisha. Hakuna mjazo unaorudiwa kivivu. Mwishoni ile sauti isiyoeleweka ni ya John Lennon, utepe umegeuzwa nyuma mbele.

Jambo lingine, nalo kwangu ndilo zito: kabla hujaamua kwamba wimbo ulisahauliwa kwa sababu ni dhaifu, tafuta ulisahauliwa vipi. Mara nyingi sababu haihusiani na muziki hata kidogo. The Zombies walirekodi *Odessey and Oracle* mwaka 1967, sehemu kubwa katika studio za Abbey Road, kwa bajeti ndogo. Kampuni ilipotaka na stirio, Rod Argent na Chris White, watunzi wa bendi, walitoa pesa mfukoni mwao. Albamu ilipoingia madukani 1968, bendi ilikuwa imeshavunjika. Mwaka uliofuata "Time of the Season" ikapanda hadi nafasi ya tatu Marekani, na hapakuwa na bendi ya kwenda kuipiga. Lakini usianze na huo. Anza na ule wa kwanza kwenye albamu, "Care of Cell 44". Piano inadunda kwa furaha, sauti zinapandana kama kwaya ya asubuhi, na ukifuatilia maneno unagundua ni barua kwa mpenzi aliye gerezani, anayesubiri kutoka. Kila nikifika pale vyombo vinapotulia zikabaki sauti tupu, nasimamisha nilichokuwa nafanya.

Kinks walifungiwa kufanya maonyesho Marekani tangu 1965 hadi 1969, miaka ile ile ambayo wenzao wa Uingereza walikuwa wanavuna huko. Albamu yao ya *Village Green* ilitoka Uingereza tarehe 22 Novemba 1968, siku moja na ile albamu nyeupe ya Beatles. Haikugusa chati. Ukilijua hilo unaisikiliza kwa masikio ya haki.

Na Big Star wa Memphis. Alex Chilton alikuwa ameshapata namba moja Marekani akiwa na miaka 16, na The Box Tops, kwa "The Letter" ya 1967. Mwaka 1972 yeye na Chris Bell, wakiwa Big Star, wakatoa *#1 Record*. Waandishi waliisifu, lakini usambazaji ulikwama na santuri hazikufika madukani. Bell akaondoka. *Radio City* ya 1974 ikapata mkosi ule ule. Sikiliza "September Gurls" kwa ajili ya gitaa linalong'aa, halafu "Thirteen" kwa ajili ya magitaa mawili makavu na sauti isiyojikaza. Kisha mtafute Bell peke yake: "I Am the Cosmos", santuri ndogo ya 1978. Upande wa pili, "You and Your Sister", Chilton amerudi kumwitikia. Desemba ya mwaka huo huo Bell alikufa kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 27. Sipendi kuwasikiliza wanamuziki kwa huruma, na hapa huruma haihitajiki. Wimbo unasimama wenyewe.

Wanawake walisahauliwa mara mbili. Ile sauti ya kike kwenye "Gimme Shelter" ya Rolling Stones ya 1969 ni ya Merry Clayton, aliyeitwa studio usiku akiwa mjamzito. Karibu na dakika ya tatu sauti yake inapasuka kwa nguvu aliyoitoa, nao wakaiacha hivyo hivyo kwenye rekodi. Mwaka 1970 alitoa toleo lake mwenyewe. Yasikilize yote mawili kwa mfuatano. Halafu nenda kwa Fanny, bendi ya wanawake wanne iliyotoa albamu yake ya kwanza 1970 chini ya kampuni ya Reprise. June na Jean Millington, ndugu waliozaliwa Manila, walishika gitaa na besi. Jean ni mmoja wa wapigaji ninaowarejea kila nikihisi vidole vyangu vimezoea njia moja.

Kuhusu subira: mpe kila msanii albamu moja nzima, kwa mpangilio wake, si nyimbo zilizochanganywa na mashine. Upande wa kwanza na upande wa pili vilipangwa na watu waliofikiri. Rudia baada ya siku chache. Usipoipenda, iache bila kinyongo. Hakuna wajibu wa kupenda kila kilichosahauliwa, na vipo vilivyosahauliwa kwa haki. Toleo jipya likiwa limepachikwa nyimbo za ziada mwishoni, simamisha pale albamu ya asili ilipoishia. Majaribio na mabaki yana siku yake.

Na usiishie Uingereza na Marekani. Zambia ya miaka ya 70 ilikuwa na roki yake, Zamrock, gitaa lenye mkwaruzo juu ya midundo ya nyumbani. Bendi ya WITCH ilitoa *Introduction* mwaka 1972, na mwimbaji wake Emmanuel Chanda aliitwa Jagari kwa sababu ya Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Uchumi wa shaba ulipoanguka, muziki nao ukafifia, na Jagari akawa mchimbaji wa vito. Alirudi jukwaani akiwa mtu mzima, na 2023 bendi ikatoa *Zango*. Anza na *Lazy Bones!!* ya 1975, shika besi ya Gedeon Mulenga kuanzia wimbo wa kwanza. Ukitoka hapo, *Africa* ya Amanaz, mwaka huo huo, na usiruke "Khala My Friend". Kisha mfuate Rikki Ililonga: kwanza akiwa na bendi ya Musi-O-Tunya, baadaye peke yake.