Dashibodi ya ukurasa mmoja kwa bodi ya mfuko wa karo Lamu

Ripoti ya kurasa 12 ikigawiwa siku ya mkutano wenyewe, wajumbe hupekua, hunyamaza, chai ikaletwa. Ukurasa mmoja wa chati, yaani dashibodi, hufanya kazi zaidi, kwa sharti kwamba kila namba iliyomo iwe na jambo ambalo mjumbe anaweza kulifanyia kazi. Isiyo na jambo itoeni, hata kama inapendeza.

Anzeni na daftari, chati baadaye. Kwenye Google Sheets wekeni safu sita: tarehe (A), namba ya mchangiaji (B), kiasi (C), aina (D), njia (E), hali (F). Aina ni sadaka, zaka au ruzuku. Hali ni ahadi au imefika. Namba ya mchangiaji pangeni wenyewe, msitumie namba ya simu, maana mtu akituma M-Pesa kwa laini mbili atahesabiwa wawili. Jumla ya sadaka zilizofika hupatikana hivi: =SUMIFS(C:C,D:D,"sadaka",F:F,"imefika"). Mtu akiandika "sadka", fedha hizo hukosekana kwenye jumla bila onyo lolote, kwa hiyo safu D na F ziwe na orodha ya kuchagua.

Namba nne zinatosha. Ya kwanza ni miezi ya akiba, yaani miezi ambayo mfuko unaweza kujiendesha bila fedha mpya, na hapa ndipo penye makosa mengi. Chukueni fedha za benki, toeni zenye masharti (zilizotolewa kwa matumizi maalumu tu), kisha gawanyeni kwa wastani wa gharama za uendeshaji za miezi mitatu iliyopita. Tuseme benki kuna shilingi 270,000 na gharama ni 90,000 kwa mwezi. Bodi itaona miezi mitatu na kutulia. Lakini kama 180,000 ni zaka, hizo zina wanaostahiki wake, hazilipi kodi ya ofisi. Mna mwezi mmoja tu.

Ya pili ni wachangiaji waliorudi: kati ya 60 wa mwaka jana, wakichanga tena 24, ni asilimia 40. Wapya msiwachanganye humo, watafunika wanaoondoka. Ya tatu ni ahadi dhidi ya fedha zilizofika, nguzo mbili kando kando. Ya nne ni wanafunzi waliolipiwa dhidi ya walio kwenye orodha.

Mstari wa lengo la mwaka msiugawe kwa 12. Aprili hadi Juni wageni ni wachache, na mfuko unaotegemea wenye hoteli utaonekana umeanguka wakati hali ni ya kawaida. Tumieni uwiano wa kila mwezi wa mwaka jana. Zaka nayo ina hesabu yake: Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo linganisheni Ramadhani na Ramadhani, si Machi na Machi.

Nguzo zianzie sifuri, na namba iandikwe juu ya kila moja. Printa nyingi ni za wino mweusi. Nyekundu na kijani hutoka kijivu kilekile. Siku saba kabla ya mkutano, tumeni ukurasa WhatsApp kama picha, ili mjumbe wa Faza au Kizingitini auone hata kama hatavuka.

Mkutanoni ianze dashibodi, dakika 15, kabla ya kumbukumbu za kikao kilichopita. Chini ya ukurasa acheni jedwali tupu: nani, atafanya nini, lini. Wale 36 wasiorudi wagawieni wajumbe, watano watano au sita sita, wapigiwe simu ya shukrani kwanza. Ombi lije simu ya pili. Majina na namba zao yasiwekwe kwenye kundi la WhatsApp, kila mjumbe apewe yake pembeni: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu na nyinyi.

Kwa wafadhili tengenezeni nakala nyingine yenye pengo moja tu: wanafunzi wangapi bado, kiasi gani kwa kila mmoja, na tarehe ya kufungua shule. Itoke wiki sita kabla ya muhula. Ikitoka wiki ya kwanza, watoto watakuwa wamesharudishwa nyumbani.