Kabla hujampaka mtoto chochote

Mtoto mchanga hahitaji meza nzima ya vipodozi. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo, mafuta ya mgando, na krimu ya zinki ya kumkinga na nepi. Basi. Mengine ni ya kuwafurahisha wageni wanaopenda kumnusa.

Soma nyuma ya chupa, si mbele. Mbele wameandika "laini", "asilia", "salama kwa mtoto", na hakuna anayejisifu vibaya. Nyuma ndiko kwenye orodha ya viambato. Ukikuta parfum au fragrance, yaani manukato, irudishe rafuni. Neno unscented nalo lisikulaghai: maana yake ni kwamba husikii harufu tu, na pengine wametia manukato ya kufunika harufu nyingine. Tafuta fragrance-free, isiyotiwa manukato.

Kwa vile vitambaa vya maji vya kufutia, angalia methylisothiazolinone. Ni kemikali ya kuzuia bidhaa isiharibike, na inajulikana kwa kuamsha mzio wa ngozi. Tangu 2017 Umoja wa Ulaya hauiruhusu kwenye vipodozi vinavyobaki mwilini bila kusuuzwa. Ukiwa nyumbani, pamba na maji vinatosha kabisa.

Poda, achana nayo. Vumbi lake huishia mapafuni. Mwaka 1972 huko Ufaransa, watoto 36 walikufa kwa poda ya watoto iliyoingiliwa kimakosa na hexachlorophene nyingi mno, dawa ya kuua vijidudu. Hawakuilamba, walipakwa tu. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na ukilinganisha na kilo zake ni eneo kubwa, kwa hiyo unachompaka ni kama unamnywesha. Ndiyo sababu pia dawa za kuchua kifua zenye kafuri na mentholi hazimfai aliye chini ya miaka 2. Kafuri inaweza kumtia degedege.

Hayo yote nilikuwa nayajua, na bado nikaingia mkenge.

Mwanangu wa pili alikuwa na miezi minne alipopata upele wa nepi. Wekundu uliojificha hadi ndani ya mikunjo ya mapaja, na pembezoni vipele vidogo vidogo kama vilivyonyunyizwa. Nilimpaka zinki siku mbili, nikaishiwa subira. Shoga yangu akaniletea kikopo cheupe chenye kifuniko cha buluu, hakina karatasi wala jina. "Anayeniuzia anachanganya mwenyewe, miti shamba mitupu," akaniambia. Asubuhi yake wekundu ulikuwa umepungua nusu. Siku ya tatu paja safi, nami nikawa wakala wa bure wa kikopo kile kwa kila mama niliyemjua.

Nikaacha kupaka, upele ukarudi ndani ya siku mbili, mwekundu kuliko mwanzo. Nikapaka, ukatoweka. Hivyo hivyo kwa wiki sita. Katikati ya hayo mtoto akawa na mashavu ya duara, mama mkwe akafurahi kwamba maziwa yangu yanamkubali, nami nikavimba kichwa. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeacha kuandika, akamshika kidevu, akaniuliza, "Mama, huyu unampaka nini?"

Kumbe ule upele ulikuwa fangasi. Daktari alisema kila dalili ilionyesha kikopo kile kilikuwa na steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, na mashavu yale ya duara yalitokana nayo. Steroidi inazima wekundu, ndiyo maana ukaiona kama muujiza, lakini fangasi chini yake wanastarehe. Nepi nayo inabana dawa ngozini kama mfuniko, inapenya zaidi. Kipimo cha damu kilionyesha mwili wa mtoto umekaribia kuacha kutengeneza homoni yake wenyewe inayofanana na steroidi. Tulimaliza miezi tukienda na kurudi hospitali, na steroidi ilibidi ipunguzwe taratibu, si kukatishwa ghafla, chini ya uangalizi wa daktari. Kwa hiyo kama umekuwa ukimpaka mtoto kitu cha namna hii kwa wiki kadhaa, usikitupe kwa hasira ukanyamaza. Beba kikopo, mbebe mtoto, nenda ukaseme ukweli.

Tangu siku ile, krimu inayofuta upele kwa usiku mmoja inanitisha kuliko inayosuasua. Hata yenye tyubu na kasha, angalia isiwe na clobetasol au betamethasone, ambazo ni steroidi kali. Kuna zinazochanganya steroidi, dawa ya fangasi na ya bakteria mle mle, na watu wanapeana kama pipi. Upele wa kawaida huanza kupoa ndani ya siku mbili tatu ukibadilisha nepi mapema, ukamwacha wazi apigwe na hewa, ukapaka zinki nene. Ukikaidi, au ukiingia kwenye mikunjo kama wa kwangu, aangaliwe na mtu aliyesomea.

Mengine nayataja upesi. Kitu kipya kijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, usubiri siku moja au mbili. Kile kichoro cha kopo lililo wazi chenye 6M au 12M ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua, basi andika tarehe chini yake. Usichovye vidole vyenye maji. Losheni ya kaka yake si yake. Aliye chini ya miezi 6 mkinge na jua kwa kivuli na nguo kabla hujawaza krimu. Mafuta ya zeituni, pamoja na sifa zake zote, yanaweza kudhoofisha ngozi changa. Nawe mama, unachojipaka kifuani anakilamba, na cha mikononi kinaishia mashavuni mwake. Ile ya kung'arisha ngozi uliyoificha nyuma ya kabati, itoe nyumbani, na usiniambie huwa unanawa kwanza.