Kubadili pedeli ya mafuta ya lori: kutoka ya kuning'inia hadi ya sakafuni

Dereva mmoja mrefu aliniletea lori lake akilalamikia kifundo cha mguu wa kulia. Pedeli ya kuning'inia ilimfanya ashikilie mguu hewani safari nzima, kisigino hakina pa kutua. Alitaka ile ya sakafuni, yenye bawaba kwa chini, unayoikanyaga kisigino kikiwa kimetulia. Nikamwambia ni kazi ya saa mbili. Ilikula siku nzima, na bolti hazikuhusika hata kidogo.

Haya ni ya pedeli za umeme. Kama lori lako bado linavuta kebo hadi kwenye pampu, kazi yake ni nyingine kabisa.

Hatua ya 1: Tambua ishara ya pedeli ya zamani

Kompyuta ya injini haijali umbo la pedeli, inasoma ishara tu. Utakutana na aina tatu. Kuna volti moja inayopanda kadiri unavyokanyaga, ikisindikizwa na swichi ndogo inayothibitisha kwamba mguu umeondoka. Kuna volti mbili zinazopanda pamoja, mara nyingi moja ikiwa nusu ya mwenzake, ili kompyuta izilinganishe. Halafu kuna mapigo, yaani PWM: umeme unawaka na kuzima kwa kasi, na kinachobadilika ni asilimia ya muda unaokuwa umewaka. Injini nyingi za Caterpillar zimetumia hii.

Hapa ndipo nilipozama. Nilipima kwa nyuma ya plagi ya waya za pedeli, swichi ya ufunguo imewashwa, injini imezima, mita ikiwa kwenye volti za DC. Nikakanyaga polepole, namba ikapanda vizuri bila kurukaruka. Nikaandika "volti" kwenye karatasi, nikaagiza pedeli ya sakafuni ya volti. Nikaifunga, nikapima, nayo ikapanda vilevile. Nikawasha injini: sailensi tu, yaani mzunguko wa chini kabisa, haipandi hata mguu ufike chini. Nikashuku ethi, yaani waya wa ardhi. Nikasafisha plagi. Nikapima kila waya kutoka kebini hadi kwenye kompyuta, zote nzima. Jioni, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa akili, nikageuza mita kwenye asilimia na kurudishia pedeli ya zamani. Ikasoma 15 mguu ukiwa juu, ikapita 80 nilipokanyaga mpaka mwisho. Mapigo! Mita ikiwa kwenye DC huonyesha wastani wa mapigo, na wastani huo hupanda kama volti ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo pima mara mbili: kwanza volti, kisha asilimia au hezi (idadi ya mapigo kwa sekunde). Ukipata hezi zilizotulia, hayo ni mapigo, hata kama volti zinapendeza. Kama mita yako haina sehemu hizo, azima yenye nazo. Idadi ya waya isikudanganye, kwa sababu pedeli ya waya tatu inaweza kuwa ya volti au ya mapigo. Rangi za waya nazo zisahau kabisa. Chora jedwali: kila pini, kazi yake, usomaji mguu ukiwa juu, usomaji mguu ukiwa chini. Penye ishara mbili, andika ipi ni kubwa; ukizipishana utaamsha hitilafu za SPN 91 au SPN 29, namba ambazo kompyuta huzitumia kutaja ishara za pedeli, na injini itagoma kupanda. Penye swichi, chomoa plagi upime kwa omu ni pini zipi zinaungana mguu ukiwa umeondoka.

Na tafadhali, usitoboe ganda la waya kwa sindano ya mita. Maji yataingia, shaba itaota ukijani, na hitilafu itajitokeza umeshasahau ulichofanya.

Hatua ya 2: Chagua mpya

Ishara kwanza, umbo baadaye. Angalia pia springi. Kanuni ya Marekani ya FMVSS 124 inadai angalau vyanzo viwili vya nguvu vya kurudisha mafuta kwenye sailensi, ili kimoja kikikatika kingine kifanye kazi. Pedeli ya bei ya kutupa yenye springi moja siifungi, hata mwenye gari akinisihi.

Hatua ya 3: Toa ya zamani

Kama lori linatumia AdBlue, ile dawa ya kusafisha moshi, zima swichi ya ufunguo usubiri dakika kadhaa mfumo ujisafishe ndipo utoe tamino za betri. Mengine unayajua.

Hatua ya 4: Funga sakafuni

Kabla ya drili, ingia chini ya kebini uone kuna nini: mipira ya upepo wa breki na mafungu ya waya hupenda kupita hapo hapo. Mkalishe dereva mwenyewe na viatu vyake vya kazi, uweke alama kisigino kinapotua. Buti lisiguse breki na mafuta kwa pamoja. Kata kapeti lizunguke pedeli, lisipite chini yake.

Hatua ya 5: Waya

Tengeneza kipande cha kati chenye plagi pande zote mbili, usikate waya za gari. Siku ukitaka kurudisha ya zamani utajishukuru. Bana tamino kwa koleo lake. Solda siipendi kwenye lori, mtikisiko huvunja waya pale solda inapoishia.

Hatua ya 6: Ifundishe, kisha ijaribu

Swichi imewashwa, injini imezima, kanyaga taratibu hadi mwisho na uachie, mara tatu. Baadhi ya injini hujifunza mwendo wa pedeli mpya kwa njia hiyo. Nyingine zinahitaji mashine ya kusoma hitilafu. Kwenye mashine soma asilimia: 0 mguu ukiwa juu, 100 ukiwa chini. Ikiishia 87, chungulia kapeti kwanza.

Ile 0 ndiyo ninayoikazania. Pedeli ikibaki kwenye 3 au 4, dereva hatahisi kitu kwenye tambarare, lakini breki ya injini inaweza isiingie kabisa, kwa kuwa kompyuta inaamini bado anakanyaga. Jaribu uwanjani: pandisha mwendo kidogo, washa breki ya injini, ondoa mguu, usikilize. Isipounguruma, rudi kwenye jedwali lako la hatua ya 1.